Dizeli ya Kwenda Zambia

Jumatano, 2 Julai
Nimesaga madebe kumi na moja ya mahindi kabla ya saa nne. Baridi kali, vidole havishiki. Mchana nikaenda kujaza dizeli ya mashine, nikakuta imepanda. Mwenye kituo anasema ni tozo mpya, imeshaingia ndani ya bei. Nikarudi na mimi nikapandisha bei ya kusaga. Mama wa kwanza kuisikia alijitwisha mahindi yake, akaondoka. Hata kuaga hakuaga.

Jumapili, 6 Julai
Wateja wameisha. Leo baada ya ibada wifi yangu Atu, dada wa marehemu mume wangu, kanisimamisha mbele ya kina mama wa kwaya. Eti nimeona watu wamevuna, nikaamua kuwakamua. Eti kaka yake angekuwa hai nisingethubutu. Nikamweleza kuhusu tozo. Akasema kodi ni mambo ya wenye biashara, yeye ni mkulima, halipi kodi.

“Wewe ndiye unayelipa, wifi,” nikamwambia. “Kila debe. Mimi naikusanya tu.”

Wakacheka. Namchukia Atu. Nimeandika, sifuti.

Jumanne, 8 Julai
Makambako. Nimeomba lifti kwenye lori la viazi, na madumu yangu matupu. Kuna mtu nyuma ya gereji anauza dizeli wanayoinyonya kwenye malori ya matenki yanayokwenda Zambia. Haijakatwa kodi ya hapa, kwa hiyo rahisi. Najua ni wizi. Nimenunua. Njia nzima hadi Njombe najiambia serikali ndiyo iliyonianza.

Alhamisi, 10 Julai
Nimerudisha bei ya zamani. Mtaa mzima wa Ramadhani umesikia, foleni mpaka barabarani. Atu kaja na madebe mawili, kanisalimia kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikampokea bila kumtazama usoni. Yake nitasaga mwisho. Nimefurahi. Furaha chafu, lakini furaha.

Ijumaa, 11 Julai
Mashine imekohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Mahindi ya Atu ndani, nusu yamesagika. Fundi kafungua, kanionyesha: maji. Yule mshenzi wa Makambako alichanganya dizeli na maji. Pampu imekufa, na fundi hana hakika kama injini itapona. Nikashtaki wapi? Niwaambie polisi nimetapeliwa nikinunua mali ya wizi?

Jioni Atu kafuata unga wake. Nikamwambia yote, Makambako, madumu, kila kitu. Sijui kwa nini yeye. Aliingiza mkono ndani ya gunia, akachambua chenga.

“Ungetueleza tu, wifi,” akasema. “Tungelipa.”

Niliwaeleza. Mungu ni shahidi, niliwaeleza wote, na kanzu zao za kwaya.

Jumatano, 16 Julai
Nimejitwisha debe mpaka mashine ya ng'ambo ya bonde. Kina mama wote wako kule. Bei imepita hata ile niliyopandisha mimi. Hakuna aliyeguna. Atu aliniona, akasogea kunipa nafasi mbele yake. Nikatikisa kichwa, nikasimama nyuma kabisa.

Zamu yangu ilipofika nililipa. Unga ulikuwa bado wa moto. Niliubeba kifuani mpaka nyumbani, kwa ajili ya baridi.