Harufu ya Ziwa na Sabuni ya Shangazi

Brest, Jumapili

Kaka Hamisi,

Assalaam alaykum. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kwamba mguu wa Baba umepungua uvimbe. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umechafuka, na aliyeuchafua ni wewe.

Nianze na habari za huku ughaibuni, maana adabu nilifundishwa. Baridi ni ileile, mkate ni uleule. Mwenye nyumba wangu amenikataza kukaanga samaki, eti nanukisha ngazi. Bahari ikipwa mji wake mzima unanuka, naye hufungua madirisha, akavuta pumzi na kusema hiyo ndiyo afya. Hajui kwamba anavuta kazi ya bakteria ninaowafuga maabara. Kuna vimea vya baharini visivyoonekana kwa macho, vyenye salfa mwilini. Vikifa au vikiliwa, bakteria huivunjavunja ile salfa, wakala nyingine, na nyingine ikapanda hewani. Hiyo ndiyo harufu ya bahari. Kazi yangu ni kuwatazama wakila, nami nawaheshimu, kwa sababu hawajawahi kumsingizia mtu.

Sasa nije kwenu. Sauti uliyonitumia kwa simu nimeirudia mara nyingi, nikidhani labda nimesikia vibaya. "Zuhura, maji imeharibika, iko inanuka kama mayai ya kuoza. Ni sabuni ya Shangazi. Komite imesema asishuke tena mwaloni, mwisho wa mwezi ahamie Gatete, mbali na ziwa. Na mimi nimenyoosha mukono." Ulisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyefanya jambo la maana!

Yaani upepo umevuma siku nyingi, maji yamegeuka rangi, ndagala, samaki wetu wadogo, wameelea matumbo juu, na ninyi wanaume mliokulia juu ya maji hayo mkatazama huku na huku, mkamwona mjane mmoja anayepika sabuni ya mawese na kusuuza masufuria yake pale mwaloni Rumonge, mitumbwi inaposhusha samaki. Mkatulia. Kazi imekwisha, mkaenda kunywa chai.

Kaka, ziwa letu ni refu kwenda chini kuliko akili ya komite yenu. Huko chini hewa haifiki. Bakteria wa huko hutumia salfa mahali pa hewa, na wanachotoa ni gesi ya mayai yaliyooza. Siku za kawaida bakteria wengine walio juu yao huila na kuimaliza kabla haijatufikia. Upepo mkali ukiyasukuma maji ya juu upande mmoja, ya chini hupanda na uvundo wake, samaki wakakosa pumzi. Sijayapima maji yenu, kwa hiyo siapi. Ila povu la masufuria ya Shangazi kuua samaki wa mwalo mzima, hilo hata mtoto wako wa mwisho angelicheka.

Na wale samaki mliwafanya nini? Ulinieleza mwenyewe, kwenye sauti ileile, bila haya: mliwaokota, mkawaanika, wafanyabiashara wakawabeba kwenda Bujumbura. Kama Shangazi aliwatia sumu, mmewalisha watu sumu. Kama hawakuwa na sumu, mmemfukuza mama wa watu kwa uongo. Chagua moja, kisha unyooshe mkono tena.

Nilimpigia Shangazi nikitegemea atalia. "Niko muzima, mutoto wangu," alisema. "Usiwakasirikie, wameogopa tu. Ila huko Gatete nitapikia sabuni maji gani?" Hapo mimi ndiye niliyelia, nikiwa nimesimama kwenye ngazi za yule mama anayenikataza samaki. Mama alipofariki, nani alituchukua, Hamisi? Sare yako ya shule ilifuliwa kwa nini, kama si sabuni hiyo? Na shati ulilovaa kwenye kikao siku ile, wifi alilifulia nini?

Nisalimie Baba, na umsomee barua hii yote bila kuruka. Nisalimie wifi Aisha, ambaye natumaini ana akili kukuzidi. Msalimie na mwenyekiti wa mwalo, umwambie nipo tayari kumweleza habari za bakteria kwa simu, polepole, kadiri atakavyoweza.

Salamu zangu kwa Shangazi usizipeleke kwa mdomo wako. Asubuhi, mwalo ukiwa umejaa watu na ndagala wakianikwa, nenda kwake, ubebe masufuria yote kichwani, ushuke naye hadi majini. Uyasuuze wewe. Atakayeuliza unafanya nini, mjibu kwa sauti ileile uliyonitumia mimi.

Usipoweza hilo, usinitumie sauti nyingine.

Mdogo wako, niliyeogeshwa kwa sabuni hiyohiyo, ndani ya beseni moja nawe,

Zuhura