Hoteli niliyomchagulia babu

Ottavia, nimefanya nini mimi jamani!

Unajua ile safari ya gari niliyompangia babu Ermete, ya kuzunguka taratibu vijiji vya mvinyo vya Langhe? Leo mezani nikamwonyesha picha ya hoteli tutakamolala.

Akaitazama weee. "Hili si zizi letu?"

Zizi letu! Kwenye shamba la mizabibu aliloliuza ili nisome chuo! Wamelikarabati likawa hoteli, wamebadilisha na jina, sikulitambua kabisa.

Bibi akanirukia: "Msomi mzima huna macho? Tangu auze hajapita njia ile!"

Nikasema nafuta nafasi niliyoweka sasa hivi. Babu akanishika mkono. "Acha, mjukuu wangu."

Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama wageni wanaruhusiwa kushuka mpaka kwenye mizabibu.