Maneno Uliyomwongezea Yule Kijana wa Kihindi

Béa, mdogo wangu,

Nianze na lililonileta, maana domo langu unalijua: ninakuonea wivu. Miezi mitano umelala chini ya udongo wa Anderlecht, huku ugenini, na bado unanishinda nyumbani kwa mama.

Mama ametaka ile tamthilia yenu ya Kihindi iendelee. Ile ya kijana ambaye baba yake, karani wa posta, amemtuma mji wa mbali akajiandae kwa mtihani wa uinjinia, na moyo wake hauko huko. Unakumbuka Jumapili zenu baada ya misa. Mama kwenye kochi na sahani ya karanga, wewe umesimama kando ya televisheni, unasoma maandishi ya Kifaransa yanayopita chini na kumgeuzia kwa Kiswahili, sauti ya baba, sauti ya mtoto, hata kikohozi cha jirani, kama wale watafsiri wa vibanda vya video kule Lubumbashi. Mimi nilikuwa jikoni. Hakuna aliyeniita.

Sasa zamu ni yangu. Nilisoma neno kwa neno, kama ninavyosoma karatasi za madaktari pale famasi. Mama akanyoosha mkono ninyamaze. "Mado, weye unasoma tu. Béa, yeye alikuwa anaelezea." Nilichukia.

Basi nikaurudia msimu wa kwanza peke yangu, nijue ulikuwa unafanyaje. Ndipo nilipokukamata. Kijana anaporudi kusema ameacha masomo, baba yake hamsamehi. Anamfungulia mlango atoke. Wewe ulimwambia mama kwamba baba alimkumbatia. Siku hiyo nilikuwa mlangoni na mwiko mkononi, nilikusikia kwa masikio yangu. Wiki mbili baadaye ukamwambia mama kwamba nawe umeacha chuo, unakwenda kusuka nywele kwenye saluni za Matonge. Akapika bukari na sombe, ugali wetu na kisamvu, mkala, yakaisha.

Mimi je? Nilitaka kushona, Béa. Niliambiwa mkubwa ndiye anayefungua njia, nikaifungua, nikasomea dawa miaka yote ile huku nikilia chooni ili msinisikie. Wewe ukapita kwenye njia hiyo hiyo ukicheka. Ujanja ule uliupata, na hukunigawia. Hapo ndipo panaponiuma.

Nikakuchongea kwa mama. Ndiyo, wewe, marehemu. Nilitaka akukasirikie, walau mara moja tu. Mama akacheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mado, miye niko na macho. Ule baba anafungula mulango, mutoto analia, na Béa anasema wanakumbatiana. Nilijua kuko kitu anatafuta kuniambia. Bon, nikamungojea."

Kumbe hukumdanganya. Alikuwa anakungoja. Nikamwuliza mbona mimi hakuningoja. Sijawahi kumwuliza mama swali kama lile, wala kwa sauti ile.

Alizirudisha kwenye sahani karanga zilizokuwa mkononi. Halafu akazima televisheni.

"Weye kila siku ulikuwa unasema 'ndiyo, mama'. Miye nikaamini. Alors, elezea sasa. Niko nasikia."

Nikasimama pale ulipokuwa unasimama. Kioo cheusi, hakuna maandishi ya kufuata, na mama ananitazama mimi. Nikasema, "Mama, famasi sikuipenda hata siku moja." Hakunikatiza. Tuliongea mpaka jirani wa juu akarudi kutoka soko la Midi na vikapu vyake, na hata sasa sijui nitaacha kazi au sitaacha. Ila amenisikia.

Pumzika, mdogo wangu. Tamthilia nitammalizia, na chumvi nitaongeza, ingawa yako ilikolea zaidi. Kwamba wivu utaisha, hilo siwezi kukuahidi. Ninaloahidi ni kwamba sitakuchongea tena.

Dada yako mkubwa, yaya wako,
Mado