Tisheti za Msiba

Jumatatu, 3 Februari

Nimepandisha stetasi asubuhi kama kawaida. Viatu vya mtumba, dagaa wa kukaanga, vikombe vya chai, mafuta ya nywele, na lile zulia ambalo limekaa chumbani tangu Krismasi mpaka nimeanza kulikanyaga mwenyewe. Watu wameangalia. Hakuna aliyeuliza bei. Mmoja kauliza kama namjua fundi wa friji.

Mtaa mzima wa Iringo tunauziana vitu vilevile. Jirani yangu ana zulia kama langu, rangi ileile. Nimechoka.

Alhamisi, 6 Februari

Wegesa kapiga simu kutoka Bunda. Ni rafiki yangu tangu sekondari, na mdomo anao. Kasema, "Sabina, wewe unauzaga nini hasa? Mimi rafiki yako sijui. Siku nikitaka zulia hata sikukumbuki."

Nilinuna. Halafu nikamkumbusha kwamba tisheti za msiba wa mjomba wake nilitengeneza mimi, na picha haijabanduka mpaka leo. Akasema, "Basi si ndiyo hiyo."

Sijapenda. Nani anataka kujulikana kwa misiba.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeamua. Zulia na vikombe nimempa jirani avimalize kwa bei yoyote. Nabaki na mashine ya kuchapa picha kwenye tisheti, na sare za msiba peke yake. Watu wa huku huagiza Mwanza, mzigo unafika wameshazika. Mimi ukifiwa leo, kesho mmevaa.

Tatizo ni sampuli. Siwezi kuwaweka marehemu wa watu kwenye stetasi. Wegesa kasema niweke picha yake. Nikakataa. Akaituma mwenyewe, kavaa kilemba cha njano, anacheka meno yote nje. Kasema kifo hakisomagi stetasi. Tulicheka mpaka salio lake likaisha.

Nimeichapa. Jina lake juu, chini "Pumzika kwa amani, mama yetu." Nimeiweka stetasi, imependeza sana.

Jumanne, 11 Machi

Simu haitulii. Butiama, Buhare, Bunda. Hata wa Mwanza wameanza kuniuliza mimi.

Nimejifunza. Wajukuu husahaulika kila mara, weka ndogo za akiba. Usimuulize mfiwa maswali mengi. Mpe pole kwanza, ndipo uombe picha. Watu wengi hawana picha nzuri ya mzee wao, unaletewa ya harusi ya mtu mwingine, marehemu yuko pembeni na begani ana mkono wa jirani. Naufuta mkono, namsafisha uso. Wakimwona wanalia, wanasema ni yeye kabisa.

Sokoni wananiita Mama Misiba. Nimecheka. Hakuna anayeuliza tena nauza nini.

Jumapili, 27 Aprili

Kanisani leo mama mmoja wa jumuiya yetu kahama benchi. Nilikuwa nimemuuliza tu hali ya mume wake aliyelazwa. Kanijibu, "Anaendelea vizuri, hatujafika huko." Halafu kabeba mkoba wake kaenda kukaa mbele.

Sikuwa nimefika popote. Nilitaka kujua hali ya mgonjwa kama mtu yeyote. Imeniudhi siku nzima. Nauza tisheti, siui watu.

Jumatano, 14 Mei

Wegesa anaumwa. Ini. Alikuwa ananificha, anasema ni tumbo tu. Leo Magesa, mume wake, kanieleza kwenye simu kwamba hospitali wamewaambia wamrudishe nyumbani, wampe chochote anachotaka kula.

Hayo maneno nimeshayasikia kwa wateja.

Nimeifuta ile sampuli. Nimeifuta kila mahali nilipokuwa nimeiweka, na ile tisheti yenyewe nimeichoma nyuma ya nyumba. Kesho naenda.

Alhamisi, 15 Mei

Nyasura, Bunda, kwa Wegesa. Nilibeba ndizi na sato wa kukaanga, anampenda sana. Aliyefungua mlango ni mama yake, ambaye amekuja kumuuguza. Mama huyu likizo za shule nilikuwa nakula kwake zaidi kuliko kwetu. Leo hakunipa mkono.

Kasema, "Wewe si ndiyo ulimwekaga mwanangu kwenye simu, ati apumzike kwa amani, na yuko hai? Majirani walinionyesha. Sasa umefuata nini? Usituchurie. Rudi tu, mwanangu."

Nilisema mama, alitaka mwenyewe, ilikuwa utani. Nilisema mama, ni mimi, Sabina. Kanijibu kwamba anajua ni mimi. Alisema kwa upole, na afadhali angenitukana. Kapokea samaki, kafunga mlango.

Wegesa alikuwa anakohoa ndani. Nilisimama pale mpaka majirani wakaanza kuchungulia, nikaondoka.

Jumatatu, 19 Mei

Wegesa kanitumia sauti fupi. Sikumtambua mara ya kwanza, imekuwa nyembamba. Anasema nisimchukie mama, anaogopa tu. Anasema Jumamosi mama anaendaga gulioni, nije asubuhi, ana maneno ya kuniambia. Mwishoni kacheka kidogo, akakohoa, ikakatika.

Nimeisikiliza mara nyingi. Jumamosi sichukui kazi ya mtu. Hata akifa nani.

Nimeusoma mstari huo wa mwisho, nimeona aibu. Nauacha.

Ijumaa, 23 Mei

Amefariki alfajiri.

Magesa alipiga mwenyewe. Kasema, "Shemeji, mwenzetu ametuacha." Akaendelea palepale na sauti ileile kwamba maziko ni Jumapili, kwao Butiama, na anaomba nimwandalie tisheti za ukoo. Saizi atatuma.

Nikampa pole. Nikaomba picha. Kinywa kilisema chenyewe, kimezoea.

Katuma ile ya kilemba cha njano. Nikamwomba nyingine. Kasema hana nyingine nzuri, na marehemu alikuwa akiipenda hiyo. Nimekaa nayo mpaka saa nne ndipo nikawasha mashine. Sikuwa na cha kusafisha, uso wake naujua. Ya kwanza niliiunguza. Ya pili pia.

Kesho ndiyo ilikuwa Jumamosi yetu. Sitajua alitaka kuniambia nini.

Jumapili, 25 Mei

Tumemzika.

Nilifika Butiama mapema, nimevaa tisheti yenye uso wake kama wenzangu. Nilitaka kukaa mkekani na wanawake, nilie. Nilipokunja tu miguu mtu akaja: dada, hii inanibana, huna kubwa zaidi? Mwingine anataka za watoto waliofika kwa gari la pili. Shangazi yake Magesa kanionyesha mshono uliofumuka. Mwanamke nisiyemjua kachukua namba yangu, kasema mama mkwe wake naye hali si nzuri. Nilimpa namba. Nilikuwa naitika tu, naitika, nachakura kwenye mfuko wa tisheti.

Mchungaji alipowaita marafiki waweke udongo, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba natafuta saizi ya kaka wa marehemu. Niliporudi walikuwa wanasawazisha kwa majembe.

Mama yake alivaa kitenge. Tisheti hakuigusa. Nilimsogelea, nikapiga magoti, nikampa pole, akaitikia. Basi.

Kwa mtu mwingine yeyote ningesema msiba ulikwenda vizuri. Watu walisifu kazi. Lakini siku nzima hakuna aliyeniambia pole. Hata mmoja. Na simlaumu mtu, maana mimi ndiye nilitaka watu wakiniona wakumbuke kitu kimoja tu.

Jumatano, 28 Mei

Mashine sijaiwasha. Simu nimeizima.

Jumanne, 3 Juni

Manyunyu asubuhi. Nimewasha simu, nimefagia, nimefuta mashine vumbi.

Mzee mmoja wa Buhare kapiga. Kafiwa na mke wake. Nilianza kama siku zote, pole sana mzee wangu, naomba na picha. Neno pole likanikwama katikati. Nikajua atakata, atafute mtu mwingine.

Hakukata. Baadaye kauliza taratibu, "Na wewe umefiwaga, mwanangu?"

Nikasema ndiyo.

Kasema, "Pole sana. Alikuwa nani yako?"

Nikamweleza. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha naye kanieleza habari za mke wake. Picha katuma mchana.