Bodi Mama Ilipoikataa Diski Yako

Ayeyo,

Nakuita bibi kama ulivyoniita wewe, maana kwetu bibi na mjukuu huitana jina moja. Mahat wangu. Najua wafu hawasomi barua. Wataniambia nikuombee dua tu, na dua nakuombea, lakini dua ni ya Mungu. Haya ni yako.

Anayeandika ni mkeo. Mimi kalamu sijawahi kuishika, mimi ni wa ngamia na maziwa. Zainabu wako ni Mpokomo wa mtoni, Kisomali chake bado kinachechemea, basi tunasemezana kwa Kiswahili nilichookota sokoni Garissa nikiuza maziwa. Nikisema "bole" yeye anaandika "pole". Mengine nimemwambia ayaache yalivyo, hata nikikutukana.

Na nitakutukana. Nani alikutuma upande pikipiki barabara ya Ijara na tope lile? Ulikufa, na simu yako ikapondeka hapo hapo pamoja nawe. Ukamwacha mtoto wa watu na mimba ya miezi mitatu. Sasa tumbo linaonekana. Yuko kwenye eda mpaka ajifungue, hatoki, na mbele yangu hakulilii. Analia jikoni akidhani mimi ni kiziwi.

Kilichotutesa zaidi ni sauti yako. Mtoto huyu atazaliwa yatima. Picha zako zipo, sura ataiona, lakini sauti? Ilikuwa mahali pamoja tu: zile rekodi ulizokuwa ukinikalisha kwenye mkeka ukiniuliza abtirsi, majina ya ukoo wetu baba kwa baba, na mimi nakujibu. Wiki ile ya mwisho ulizitoa kwenye simu ukaziweka kwenye diski mpya, kwa kompyuta ya mwenzako aliyekuwa anarudi kwao. Ukasema utaifunga kwenye kompyuta yetu ya dukani ukipata nafasi. "Ayeyo, hii haina hata kinachozunguka ndani, haifi ovyo." Ukaniwekea mkononi. Nyepesi kama biskuti.

Baada ya mazishi nilifunga duka nikaileta kompyuta nyumbani. Zainabu akaifunga diski kama alivyokuwa akikuona ukifanya. Kompyuta haikuiona. Akabadilisha waya. Akahamisha tundu. Kuna ukurasa wa bluu ambao mashine huuonyesha kabla haijaamka sawasawa, inataja vilivyomo tumboni mwake. Tukaufungua. Diski yake ya zamani ikatajwa, yako hakuna. Tukazima, tukawasha, hakuna.

Nikalipakata lile sanduku la kompyuta ndani ya tuk-tuk hadi kwa fundi mmoja wa simu. Akaligusagusa, akasema, "Shosho, diski imekufa. Tupa, utafute nyingine." Nikamwambia, kijana, mimi nimezika mume, nimezika mwana, juzi nimezika mjukuu. Kilichokufa nakijua. Hiki hakijafa. Akacheka. Nikamwambia arudishe skrubu zote, na nikasimama hapo hapo mpaka ile ya mwisho.

Nyumbani nikamuuliza Zainabu, huyo anayeikataa mle ndani ni nani hasa? Akasema ni ile bodi kubwa ya kijani, inaitwa bodi mama. Ni ya zamani, diski ni ya kisasa, labda hawasikilizani.

Mama. Nikamuuliza mara mbili kama ndilo jina lake kweli. Mahat, mama wanaokataa watoto nimewajua maisha yangu yote. Ngamia aliyefiwa hamtaki ndama wa mwingine, ukimsogeza anampiga teke. Humlazimishi. Unachukua ngozi ya ndama wake aliyekufa, unamvika yule mgeni mgongoni. Mama ananusa, anasikia harufu ya wake, maziwa yanashuka. Nikamwambia Zainabu, na diski hii nayo ivike ngozi.

Nilidhani atanicheka. Akainuka na tumbo lake, akaenda kwenye droo yako, akatoa ile diski ya nje uliyoiangusha mwaka jana ikafa, ile ya kuchomekwa kwa waya kama flashi. Akalipasua ganda kwa kisu cha jikoni. Akaitoa maiti iliyokuwa ndani, akaipachika yako kwenye meno yale yale ndani ya ganda. Akachomeka waya kwenye kompyuta. Kijitaa kikawaka. Bodi mama ikanusa, ikaipokea.

Tukakusikia.

Nilikuwa nataja majina, nawe ukanikatiza. "Ayeyo, umeruka mtu." Nikakufokea, mimi siruki mtu, hawa nimewabeba kichwani kabla mama yako hajazaliwa. Ukacheka. Kisha ukasema taratibu, "Umemruka baba yangu."

Halafu kinasikika kikombe kikiwekwa chini, basi.

Siku ile nilikuwa nimeisahau, au niliisahau makusudi. Ni kweli nilimruka. Farah mwanangu nilimzika angali kijana, na tangu hapo jina lake lilikuwa likinikwama hapa kooni. Hukunilazimisha. Ulisema, "Basi nitalisema mimi." Ukaanza na lako, kisha ukalisema. Ukaendelea na mengine yote mpaka babu wa mwisho kabisa, bila kukosea, kwa sauti yako. Sikujua kwamba umeyashika yote.

Zainabu alilia, na safari hii hakwenda jikoni. Nilimshika kichwa nikamwacha alie.

Mungu akupanulie kaburi, ayeyo. Akupe kivuli na maji. Mkeo nitamtunza, na akitaka kurudi mtoni kwao baada ya kujifungua nitamsindikiza mwenyewe, hakuna atakayemsema mbele yangu. Mtoto atajifunza majina kutoka kwako. Lakini wewe kwenye rekodi unaanzia kwako, na jina lake yeye halimo. Hilo nitaliongeza mimi kwa mdomo wangu: jina lake, kisha lako, kisha la baba yako. Jana nikikamua mbuzi nilijaribu peke yangu. Mahat. Farah. Yalitoka.