Ngozi Uliyoipeleka Kwenye Injini

Baba Robi,

Ugali nimeufunika jikoni. Ndama wasitoke kabla hujakamua. Ile sufuria yangu uliyoijaza oili chafu usiirudishe mekoni, ni yako sasa.

~~Nitarudi Jumapili.~~ Nimekata. Sirudi Jumapili.

Injini ya gari lako ilipowaka asubuhi ulicheza uani kama bwana harusi. Mara moshi ukatanda, mama yako akatoka nyumbani kwake akiuliza nani anachoma nyama bila kumwita. Ukajiinamia kwenye injini. Mimi ndiye niliyekwenda kutazama kitandani. Ngozi yangu ya kulalia, ya fahali aliyechinjwa siku ya harusi yetu, ngozi niliyomzaa Robi juu yake, umeikata na kuitoboa matundu ukatengeneza gasketi ya kuziba injini! Fundi alikuambia gasketi inauzwa Musoma. Ukamwambia ngozi ya Mkurya haishindwi na moto. Ulipanda lori la pamba mara moja tu, ukadhani umeshajua injini.

Nilipokuuliza, ukanijibu mbele ya mama yako kwamba gari ni mali, ngozi ni kitu cha kulalia tu. Haya. Leo kalale kwenye mali yako.

Robi nimeondoka naye, tuko kwa baba yangu Nyakunguru. Tumekwenda kwa miguu, si gari tunalo?

Ukitaka kutufuata, njoo na ngozi nyingine. Iwe bado mwilini mwa ng'ombe, naye awe anatembea.

Mama Robi