Fundi Emiliani na Sheria ya Kiti cha Pembeni

Baba, mwaka mmoja umekatika tangu utuache, na mpaka leo watu wanasimama hapa Bombambili wanauliza, "Fundi Emiliani yupo?" Tunawaambia hayupo. Wengine wanajibu, "Basi tutapita kesho," kabla hawajaelewa.

Ulikuwa mtu wa magari ya mbio kwenye mji ambao kila mtu anataka gari ya kubeba mahindi. Ulipotoka Tunduru kuchimba mawe ya vito, wenzako walirudi na mabati ya kuezekea nyumba. Wewe ukarudi na bodi ya Datsun imefungwa kamba juu ya lori la korosho, haina injini, haina hata mlango. Mama anasema alikaa chini palepale akacheka mpaka akalia. Injini ukaipata Namtumbo, kwenye pikapu iliyochoka kubeba tumbaku. Yale mabomba ya chuma ya ndani, ya kumlinda dereva gari ikibingirika, uliyachomelea mwenyewe huku unapiga mluzi nyimbo za kanisani.

Mashindano ya Iringa ukawa wa mwisho. Ukarudi na vumbi mpaka kwenye kope, unapiga honi toka stendi mpaka nyumbani.

"Sasa honi ya nini na umekuwa wa mwisho?" akakuuliza jirani yetu, Mzee Bartolomeo.

"Shikamoo, mzee. Wenzangu wengine bado wako mtaroni huko, wao wapigiwe honi na nani?"

Ndivyo ulivyokuwa. Bajaji ya mtu ikigoma Jumapili, unatoka misa unaingia chini yake na shati lilelile jeupe. Mama akigomba, unasema nguo inafuliwa. Si unajua nani alikuwa anafua.

Ila sheria yako ilikuwa moja: aliyefunga breki ndiye anakaa kiti cha pembeni gari ikijaribiwa. Ulisema fundi akijua na yeye anapanda, hawezi kuacha nati imelegea. Kaka Edmund, fundi wako, alipanda kila mara. Mama hakupanda hata siku moja.

"Twende basi, Mama Domina."

"Mimi? Kwani nimefunga breki gani?"

Mnacheka, yanaisha.

Presha ilipokuchukua, Datsun ikabaki chini ya turubai. Dada Domina akasema ataiendesha yeye, maana ulimfundisha mwenyewe kule Matogoro kwenye vumbi. Mama akakataa kabisa. "Iuzwe chuma chakavu. Nimeshazika mume, sitaki kuanza kumsubiri mtoto naye." Hatukumlaumu. Miaka yote ukienda kwenye mbio, alikuwa anakaa barazani, hali kitu, mpaka asikie honi.

Mwezi uliopita mnunuzi wa chuma akaja kweli na lori. Mama akafunua turubai mwenyewe, akasimama anaiangalia Datsun. Halafu akamwambia yule kijana, "Rudi tu, mwanangu. Nisamehe kwa usumbufu." Akajifunga kanga vizuri. "Edmund, lete spana. Nionyeshe hizo breki."

Alikaza mpaka jasho likamtoka. Edmund akarudia kukagua kila nati. "Mama, hizi sijui tutakuja kuzifunguaje." Mama akavua kilemba, akavaa helmeti yako, akaingia kiti cha pembeni. Domina akawasha.

Sisi tuliobaki tukakaa barazani. Chai ikapoa, hakuna aliyeigusa. Ndiyo tukajua Mama alikuwa anakaaje pale.

Kisha tukasikia honi, toka mbali huko stendi, inakuja haikatiki. Walipokata kona tukaona Domina kashika usukani kwa mikono miwili. Aliyekuwa anapiga honi ni Mama, kanyoosha mkono toka kiti cha pembeni.

Misa ya kukuombea ni Jumapili hii asubuhi, kisha chai nyumbani. Datsun itakuwa nje, haina turubai.

Tunaokukumbuka ni mke wako Severina, watoto wako Domina, Oliva na Jeremia, dada yako Notburga, fundi wako Edmund, na majirani zako wa Bombambili.

Pumzika kwa amani, Baba. Kila honi ikilia tutakukumbuka, daima.